Safari ya Kutaka Radhi kwenye Ziwa la Trauti

Tangu turudi, kila ninayekutana naye hapa mtaani Xiaobei ananiuliza jambo moja: ilikuwaje mimi na Ami Salum tukaonekana tunashuka kwenye teksi na ndoo ya samaki, sufuria jeusi kwapani, na Ami anacheka peke yake? Nimeshasimulia kwa mdomo mara kadhaa, na kila nikisimulia kuna mtu ananikatiza kuuliza kama samaki wenyewe walikuwa na miba. Kwa hiyo nimeona niandike, msome mkiwa mmetulia. Miba walikuwa nayo, lakini midogo.

Xiaobei hadi stesheni

Kwa wasiomjua, Ami Salum ni mdogo wa marehemu baba yangu. Ni mtu wa Unguja aliyehamia Kariakoo, na amekuwa akija Guangzhou kufuata bidhaa tangu enzi ambazo ukiona mtu mweusi barabarani unamsimamisha kumsalimia. Mimi nasoma uhandisi hapa kwa ufadhili. Ami akija huwa mkalimani wake, na malipo yangu ni chakula na nasaha, nasaha zikiwa nyingi kuliko chakula.

Safari hii alikuja akiwa ameshatia nia ya kwenda Makka. Mnaijua desturi yetu: anayekwenda kuhiji hutangulia kutaka radhi kwa watu aliowakosea, na radhi haitumwi kwa mtu wala haiachwi kwa jirani. Unakwenda mwenyewe, unaomba kwa kinywa chako, unajibiwa kwa kinywa chake. Ami alianza na walio karibu. Akamwendea wakala wake wa mizigo, akamwendea mama wa Kikongo anayepika ghorofa ya tatu, akamwendea hata dada wa Kichina anayefagia hotelini kwake, ambaye alidhani mzee analalamikia mashuka akamletea mapya. Mimi hakuniomba. Nami sikumkumbusha.

Kati yangu na yeye lilikuwepo moja tu. Baba alipofariki, Ami ndiye aliyeamua nisiambiwe mpaka nimalize mitihani. Nilipopigiwa simu, baba alikuwa ameshazikwa na khitma imeshasomwa. Toka siku hiyo mimi na Ami tumekuwa watu wa shikamoo na marahaba.

Aliyebaki kwenye hesabu za Ami alikuwa Bosi Liang. Huyu alikuwa na duka la makufuli, na yeye na Ami walifanya biashara miaka mingi kwa kutumia maneno kama kumi ya Kichina na vidole. Halafu likaja kontena moja. Lilipakiwa bandari ya Huangpu salama, likafika Dar salama, na makufuli yalikuwa mazuri, ya rangi ya shaba, yana picha ya farasi. Tatizo lilikuwa dogo: kila ufunguo ulifungua kila kufuli. Kariakoo kuna bwana alifungua duka la jirani yake asubuhi kwa makosa, akafagia nusu nzima kabla ya kushtuka kwamba yeye hauzi vitenge.

Ami alipanda ndege kwa hasira. Akaingia dukani kwa Liang, mbele ya wafanyakazi na mbele ya mama yake mzee aliyekuwa amekaa pale anamenya karanga, akamwita tapeli. Neno lenyewe alilijua kwa Kichina, na alilitamka vizuri kuliko yote aliyowahi kutamka. Liang alimmiminia chai, Ami akaiacha. Mwaka uliofuata duka lilikuwa limefungwa.

Baadaye ndipo Ami alipokumbuka vizuri siku ya kuagiza. Liang alikuwa amemwonyesha ufunguo mmoja, akanyoosha kidole kimoja, akatikisa kichwa. Alikuwa anamwambia kwa bei hiyo utapata funguo za namna moja tu. "Aliniambia," Ami alinieleza. "Mimi nilikuwa nafurahia bei." Wiki iliyokuwa inafuata alikuwa anarudi nyumbani kujiandaa na safari ya Makka, na hakutaka kusimama Arafa na jina la Liang shingoni.

Aliyekuwa mfanyakazi wa Liang alitupa namba. Liang alikuwa amerudi kwao milimani, kaskazini ya jimbo, yeye na mkewe wana ziwa la samaki ambako watu wa mjini huenda kuvua mwisho wa wiki. Nikapiga. Nikasema Salum wa Tanzania anataka kuja. Akasema njooni, samaki ni wengi.

"Amesemaje?" Ami akauliza.

"Samaki ni wengi."

"Na hasira zake?"

"Hakuzitaja."

Tukaondoka alfajiri. Ami hali chakula kilichopikwa kwenye chungu kilichopita nguruwe, kwa hiyo alibeba sufuria lake, na ndani yake mchele, makopo ya tui la nazi, ndimu, pilipili na bizari. Stesheni mizigo hupita kwenye mashine. Askari waliliona sufuria kwenye kioo chao, wakalitoa, wakalifunua, wakaitana. Mmoja akaniuliza kama tunakwenda kufungua mgahawa. Nikasema tunakwenda kuomba msamaha. Akatazama zile ndimu, akafunika sufuria kwa adabu, akatupisha.

Ndani ya treni

Tulikata tiketi za viti vigumu kwa sababu Ami anaamini viti laini vinaharibu mgongo. Mbele yetu walikaa mume na mke na bibi yao. Bibi alimtazama Ami tangu kutoka Guangzhou mpaka mji ulipokwisha, kisha akanyoosha mkono akagusa ndevu zake, akazivuta kidogo, kupima. Ami akamwachia. Bibi akamwambia mwanawe kwamba ni za kweli, na behewa zima likapata utulivu.

Baada ya hapo tukawa jamaa. Wakatupa mbegu za alizeti, wakatupa machungwa. Wakatupa na miguu ya kuku ndani ya karatasi ya nailoni, ambayo Ami aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanipa mimi. Nikaishika mpaka Shaoguan, tulikoshukia.

Njiani alinifanyisha mazoezi. Alitaka kusikia atakachosema Liang kikitafsiriwa neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Nikamwambia, Ami, hawa watu mambo haya hawayasemi hivyo. Ukimwomba mtu samahani atakwambia *mei shi*, yaani hamna kitu, na hapo yamekwisha. Kusema nimekusamehe ni kukiri mbele yako kwamba uliwahi kumvunjia heshima, na hilo ndilo asilotaka kulisikia tena.

"Mei shi nalijua," akasema Ami. "Ukimkanyaga mtu mguu kwenye lifti anakwambia mei shi. Mimi sikumkanyaga mguu."

Sikubishana. Mkubwa haambiwi umekosea, huambiwa utafikiria.

Basi dogo, na mlima ulioshuka

Shaoguan tukapanda basi dogo la kwenda milimani. Lilikuwa na abiria, mabata ndani ya kapu, na injini ya mashine ya kusaga iliyowekwa kwenye njia ya kupita, kila anayetaka kushuka anairuka. Kadiri tulivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi, mpaka dereva akawa anaendesha kwa honi.

Saa za mchana tukasimama. Kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka barabarani, udongo mwekundu na mawe, na magari yamepanga foleni pande zote mbili. Dereva akazima gari, akatoa karata. Hakuna aliyeuliza tutaondoka saa ngapi. Nilisikia raha kidogo, nikajiona niko nyumbani.

Ami akaona huo ndio wasaa wa kuswali. Akatandika koti lake pembeni ya barabara, nikamsaidia kukadiria kibla kwa jua tusiloliona. Alipokwenda sijda, mwanamke mwenye mabata akanijia mbio kuniuliza mzee ana nini tumboni. Nikamwambia anaswali. Akafikiri. Akakimbia kwenye basi, akarudi na kikombe cha maji ya moto, akasimama kando na kikombe chake mpaka Ami alipotoa salamu, akampa. Hapa dawa ya kila ugonjwa ni maji ya moto. Ami akayanywa yote, akamshukuru, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama sukari waliisahau.

Katapila lilikuja jioni. Tulifika ziwani giza likianza kuingia, baridi imetushika mpaka kwenye meno. Liang alikuwa amesimama getini na tochi. Amepungua, amekuwa na mvi, amevaa mabuti ya mpira. Yeye na Ami wakatazamana. Ami akafungua mdomo, na Liang akamwahi: mmechoka, laleni, kesho tunavua. Akatuonyesha chumba, akatuletea thermosi ya maji ya moto.

"Kesho tunavua," nikamtafsiria Ami.

"Hakika hajanisamehe," akasema Ami, akavua viatu.

Ziwani

Ziwa si kubwa. Limechimbwa kwenye bonde, linalishwa na kijito kinachotoka juu ya mlima, na maji yake ni baridi kiasi kwamba ukitia mkono unautoa ukiwa wa mtu mwingine. Ndani wamepandikiza trauti. Ni samaki mwembamba, mgongo wa kijani wenye madoa meusi, na ubavuni ana mstari wa waridi kama pindo la kanga. Liang huwaleta wakiwa wadogo kutoka kwa mfugaji, huwalisha, na siku wavuvi wa mjini wanapotegemewa hawapi kitu tangu jana yake. Yaani hawa samaki hawahitaji fundi. Upande wa pili palikuwa na familia moja kutoka Guangzhou, na binti yao mdogo alikuwa anawatoa huku anaongea na simu ya mama yake.

Sheria ya pale ni moja, imeandikwa kwenye ubao: aliyetolewa harudishwi majini.

Liang akampa kila mmoja fimbo ya kuvulia. Akamkalisha Ami mahali pazuri kuliko pote, kijito kinapoingilia, akajitia pembeni yake. Mimi wakaniweka katikati, nyuma kidogo, mahali pa mkalimani.

Nikatupa ndoana. Kabla sijakaa sawasawa, samaki. Nikamtoa. Liang akatazama maji, Ami akatazama maji, hakuna aliyesema hongera. Nikatupa tena, samaki mwingine. Ami akanitazama kama mtu aliyecheua msibani. Nikaamua kutupa ndoana karibu kabisa na ukingo, kwenye matope, na huko nako akaja mmoja.

Wao hawakupata hata mmoja. Asubuhi nzima. Samaki walikuwa wanaruka mbele ya miguu yao, yule binti wa ng'ambo ameshajaza beseni, na wazee wawili wamekaa na fimbo zao wamenyooka. Ami aliwahi kusema hali ya hewa ya huku ni nzuri. Nikatafsiri. Liang akasema mwaka jana ilikuwa nzuri zaidi. Nikatafsiri. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa hiyo.

Mwishowe Ami akaweka fimbo chini, akamgeukia. Akaniambia nisipunguze neno. Akasema: "Bosi Liang, nilikutukana mbele ya mama yako, na kosa lilikuwa langu. Naenda nyumba ya Mwenyezi Mungu. Nimekuja kukuomba unisamehe."

Nikatafsiri kama lilivyo, masikio yananiwaka. Liang hakugeuka. Alitazama boya la ndoana yake, akasema, "Mei shi."

Ami hakunisubiri. "Mwambie sikumuuliza kama kuna kitu," akasema. "Nimemwomba anisamehe."

Hilo nililipunguza. Nikamwambia Liang mzee anashukuru. Liang akanyanyuka, akasema wakati wa kula umefika, akaondoka na ndoo yangu ya samaki. Ami akabaki amekaa. Nilimwonea huruma, na nilishangaa kujikuta namwonea huruma, maana nilikuwa nimejizoesha vingine.

Nikakusanya fimbo. Nikavuta kamba ya Liang, ndoana ilikuwa tupu. Haikuwa imeliwa chambo, ilikuwa safi, haijawahi kutiwa kitu. Nikavuta ya Ami, nayo vilevile.

"Ami, hukutia chambo?"

"Nitatangulia vipi kupata, na mimi ndiye niliyekuja kuomba?"

Nikamweleza kwamba na mwenzake hakutia, kwa sababu mwenyeji hatangulii kupata mbele ya mgeni wake. Ami akayatazama maji muda mrefu. "Basi tumewafungisha samaki bure," akasema.

Mlango wa jiko

Jiko lilikuwa kibanda cha matofali nyuma ya nyumba. Ami alikuja na sufuria lake, kwa sababu alikuwa ameapa kwamba msamaha uwepo usiwepo, yeye atampikia yule bwana samaki wa nazi. Tukamkuta Liang amesimama mlangoni na ndoo, anajipapasa mifukoni. Mkewe alikuwa ameteremka sokoni na funguo zote. Ni kijiji cha chini huko, na pale mlima uliposhuka magari yalikuwa bado yanapita kwa foleni.

Ami akalitazama kufuli. Nami nikalitazama. Lilikuwa la rangi ya shaba, limechujuka, lina picha ya farasi.

Liang aliona tunachotazama. Uso ukamwiva, akaanza kueleza haraka kwamba yalimbakia maboksi, ayapeleke wapi, kijiji chote kimefungwa nayo. Ami hakungoja tafsiri. Alitia mkono ndani ya koti, akatoa bunda lake la funguo za Kariakoo, akachagua mmoja, akautia, akauzungusha. Kufuli likafunguka.

Tukasimama wote watatu. Liang akauchukua ule ufunguo, akaugeuza, akaona farasi. Akaniuliza: bado anautumia?

"Mwambie ni wa geti la nyumbani kwangu," akasema Ami. "Niliwauzia watu, ningefungia langu kufuli gani?"

"Na majirani?" akauliza Liang.

"Wanafungua. Mke wangu akisafiri wananiletea uji."

Nilipomaliza kutafsiri, Liang aliweka ndoo chini. Alicheka akashika ukuta. Ami akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mimi sikuwa na la kutafsiri, nikaingia ndani kuwasha jiko.

Ami alipika. Aliwachoma kwanza kwenye mkaa, kisha akawapaka tui lililokolea bizari na ndimu, na Liang akala kwa mikono alipoona sisi tunakula kwa mikono. Alipoweka sahani mezani aligeuza kichwa cha samaki kikamwelekea Ami, ndiyo heshima ya mgeni kwao. Ami akakigeuza kikamwelekea Liang. Kichwa kile kilizunguka mara nne, mpaka nikakila mimi.

Wakati wa chai Liang alikuwa anazungusha kikombe. Kisha akaniuliza, bila kumtazama Ami: lile neno analolitaka mzee, kwa lugha yenu linasemwaje?

Nikamwambia. Akanitaka nirudie taratibu. Akalijaribu chini kwa chini, midomo inacheza. Halafu akaweka kikombe, akamtazama Ami usoni kwa mara ya kwanza tangu pale getini.

"Ni-me-ku-sa-me-he," akasema.

Kwa lugha yake asingelisema mpaka kiyama. Kwa yetu hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumsikia akitukanwa. Ami alimshika mkono kwa mikono yake miwili na akalia waziwazi, na Liang naye akawa anapangusa miwani asiyoivaa.

Kurudi

Barabara ilikuwa imeshafunguliwa yote. Liang alitujazia ndoo kwa samaki na barafu, na Ami alimwachia makopo ya nazi yaliyobaki. Kuhusu ufunguo wake wa geti, alimpa pia. Nilimuuliza atafungua vipi nyumbani. Akaniangalia kana kwamba shule haijanisaidia kitu.

Kwenye treni tulipata viti dirishani. Mama mmoja mbele yetu alikuwa anamenya chungwa. Mashamba ya mpunga yalikuwa yanapita, na Ami alikuwa ameinamisha kofia hata nikadhani kasinzia.

"Nassor."

"Naam, Ami."

"Habari ya baba yako. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe. Niliogopa utaacha masomo, na yeye ndiye aliyeyataka kuliko wote. Lakini alikuwa baba yako, hakuwa wangu wa kumficha. Nimezunguka kwa watu wote nikakuacha wewe, kwa kuwa wewe ndiye niliyekuogopa. Naomba unisamehe, mwanangu."

"Hamna kitu, Ami," nikasema.

Hakunionea haya. "Sikukuuliza kama kuna kitu."

Nikatazama nje. Neno nililijua, jana yake nilikuwa mwalimu wake. Lakini kila nikilifikisha mdomoni namwona baba anabebwa mtaani kwetu, watu wanapokezana jeneza, na bega langu halimo. Vituo viwili vikapita. Ami hakunihimiza. Alikaa na mikono magotini, anangoja kama alivyongoja ziwani.

Nikalisema kwa Kichina. Lilitoka lenyewe, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: *wo yuanliang ni*. Mama wa chungwa akaacha kumenya, akanitazama, kisha akamtazama Ami, kisha akainamisha macho.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza Ami.

"Ndilo alilokwambia Liang."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akavua kofia, akajifutia uso, akaivaa tena.

"Sasa niambie na kwa lugha yetu," akasema. "Taratibu tu, kama yeye."

Nikalisema, silabi moja moja, mpaka likaisha.